Kiungo Ambacho Simbeye Hakukichomelea

Siku ya kuniaga, kijana mmoja wa ofisi ya usanifu aliniomba niandike kitu kidogo cha kuwatia moyo wanaobaki. Nimekaa hapa Ihanda tangu tulipomaliza kuchuma kahawa, nimewaza, na sijaona kwa nini nimtie moyo mtu yeyote. Moyo wanao wa kutosha. Kila mmoja wao anaamini kwamba akibonyeza kitufe amefanya kazi. Kwa hiyo nitaeleza nilichofanya na nilichokiona, na atakayetiwa moyo na maneno haya atakuwa ametiwa kwa bahati mbaya.

Majirani zangu hapa wanadhani nilikuwa natengeneza kompyuta. Wameshaniletea simu zilizoingia maji na redio ya mchungaji. Kwa faida yao na ya wengine, kazi yangu ilikuwa hivi. Karakana yetu iko Mpemba, kando ya barabara kuu, kabla hujaingia Tunduma, na inaunda matela na matangi ya malori ya mafuta yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Kabla chuma hakijakatwa, mimi nilipaswa kusema kama tangi litahimili mzigo na mashimo ya barabara. Kompyuta haiwezi kulimeza tangi zima kwa mara moja. Ni lazima uso wa tangi ugawanywe vipande vidogo vidogo, vya pembe tatu au pembe nne, vinavyoshikana kwenye pembe zao kwa vifundo. Kila kipande kinapiga hesabu yake na kumpokeza jirani mzigo kupitia kifundo wanachoshirikiana. Vipande vyote kwa pamoja tunaviita wavu. Wavu ukiwa mbovu jibu linakuwa bovu, ila linakuja na rangi nzuri, na hapo ndipo watu wazima wenye shahada wanapopotea.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino, jambo ambalo mafundi walilizungumzia kwa miaka. Aliyenipokea ni Mzee Kibona, mhandisi kutoka Ileje, mtu mfupi mwenye koti la mvua hata kiangazi. Nilitegemea anioneshe kompyuta yangu. Akanipa karatasi kubwa yenye mchoro wa bamba lenye tundu moja la duara, na penseli, akasema nisuke wavu. Nikachora miraba kwa rula kuanzia pembeni, safi kabisa, kama mistari ya mahindi. Nilipofika kwenye tundu miraba ikaanza kubanana na kupinda, mingine ikawa myembamba kama ukucha. Mzee Kibona aliitazama kwa muda, akauliza chuma hicho kitapasukia wapi. Nikajibu, kwenye tundu. Akauliza vipande vyangu vibaya kuliko vyote viko wapi. Hakusubiri jibu. Akachukua ufutio akafuta karatasi nzima, pamoja na sehemu zilizokuwa nzuri.

Wiki ile yote nilichora na kufuta. Nilijifunza kuanzia kwenye tundu na kutoka nje, nikizungusha vipande vya pembe nne kama duru za ukindu kwenye kikapu, kisha kuvipanua taratibu kadiri ninavyoondoka mahali pa hatari. Sifa kubwa aliyowahi kunipa Mzee Kibona ni kwamba wavu wangu mmoja haukumuudhi sana. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha kama niliyeolewa.

Baadaye ndipo alinikalisha mbele ya kompyuta na kunieleza jinsi programu zinavyosuka zenyewe. Ziko njia kadhaa, na ningeomba mlio ofisini mzijue, maana mnazitumia kila siku kama mtu anayekula chakula bila kuuliza kimepikwa na nani. Njia ya kwanza inagawa uso kwa safu na mistari, kama shamba. Ni njia nzuri sana ikiwa uso wako una pande nne na hauna tundu, yaani kama kazi yako ni kusanifu meza. Njia ya pili inaanza ukingoni na kuingia ndani, ikipanda kipande baada ya kipande hadi pande zote zikutane katikati. Kingoni inapendeza. Katikati, zinapokutana, unakuta vipande vimesukumana kama watu kwenye dirisha la forodha. Njia ya tatu inatawanya vifundo kwanza, halafu inaviunganisha kwa pembetatu kwa sharti moja: ukichora duara linalopita kwenye pembe tatu za kipande, kifundo kingine kisiwe ndani yake. Hiyo haichoki na haikatai kitu. Ipe uso wowote, hata wa kiazi, itaujaza pembetatu na kukuambia kazi imekwisha. Kwa sababu hiyo wavivu wanaipenda kuliko zote.

Sizidharau njia hizo, nimezitumia karibu maisha yangu yote ya kazi. Ninachokidharau ni kitufe kilichokuja baadaye, ambacho kinachagua njia kwa niaba yako, kinaamua ukubwa wa vipande, kinafuta kona ndogo kinazoona zinasumbua, na mwisho kinakuonesha alama ya vema ya kijani. Kilipoletwa, Mzee Kibona alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikijaribu mara moja, akatazama kilichotoka, akaenda kunywa chai na hakurudi hadi kesho yake. Mimi sikuwa na umri wa kuondoka, ikabidi nibaki nacho.

Miaka yangu ya mwisho nililetewa msaidizi na meneja mpya karibu kwa wakati mmoja. Msaidizi ni Elia, mhandisi kijana wa Mlowo, mwepesi, mwenye adabu, na asiye na shaka juu ya kitu chochote. Meneja alitoka Dar es Salaam na mashati meupe ambayo aliendelea kuwa nayo meupe mpaka naondoka, na kwa mtu anayesimamia karakana ya chuma hilo linajieleza lenyewe. Alipenda picha. Kila ripoti alitaka iwe na ile picha ya tangi lenye rangi, buluu mahali chuma kinapopumzika na nyekundu kinapoumia, na alizibandika ukutani ofisini kwake kama mtu aliyefungua duka la kanga. Kwa kuwa Elia alitoa picha haraka kuliko mimi, kazi za matangi mapya alipewa Elia. Mimi nikapewa matela ya ng'ombe wa Momba, ambayo hayana picha nzuri.

Tangi la kwanza la muundo ule mpya lilianza kuvuja likiwa kwenye foleni ya malori ya kuvuka mpaka, Tunduma mjini. Dizeli ilidondoka barabarani, watu wakaja na madumu, bodaboda wakapaki wakitazama na wengine wakivuta sigara. Dereva alizunguka lori akiwafukuza kwa Kiswahili na Kibemba hadi sauti ikamkauka. Hakuna kilichowaka, na mpaka leo sijui kwa nini. Lori liliporudishwa tukakuta ufa kwenye kona ya kikalio cha nyuma. Vikalio ni vile vyuma vilivyopinda ambavyo tumbo la tangi linakalia, na tangi lile lilikuwa navyo vitatu. Kabla hatujamaliza kushangaa, tangi la pili likarudi na ufa palepale.

Meneja hakuhitaji hata kuvua miwani. Alichukua picha ya Elia, akaonesha kona ile ya kikalio cha nyuma, ikawa ya buluu. Buluu maana yake chuma hakina shida. Kama chuma hakina shida na bado kimepasuka, basi aliyekichomelea ndiye mwenye shida. Aliyechomelea vikalio vyote vya nyuma alikuwa Yohana Simbeye.

Simbeye ni mtu wa hapahapa Ihanda, mzee wa kanisa, fundi aliyechomelea matangi tangu karakana ikiwa banda moja. Ni mpole, na taratibu yake kazini inaudhi watu wenye haraka. Kwenye mkutano wa asubuhi, ambao mafundi wote husimama uwanjani kabla ya kugawiwa kazi, meneja alimwita mbele na kusema, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba mkono wa mtu huyu nusura uiteketeze Tunduma. Akamwondoa kwenye matangi. Akampeleka kukata vyuma chakavu hadi uongozi ukae na kuamua kama afukuzwe.

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kuona wenzake wakitazama viatu vyao. Habari ilifika Mlowo kabla ya yeye kufika nyumbani. Shule iliyokuwa imemwagiza geti ikatafuta fundi mwingine. Nilimkuta jioni moja kwenye chuma chakavu, nikamwambia asikate tamaa, kazi haiishi. Alizima mashine kwanza ndipo akanijibu.

"Kazi nitapata, Mama," alisema. "Lakini kule Ihanda watu wananipa pole, na mimi sijafiwa."

Kesho yake nilimwambia Elia anifungulie wavu wake. Hakusita, maana aliamini nitausifu. Kwa mbali ulikuwa mzuri kweli, pembetatu ndogondogo zimetapakaa tangi zima. Nikamwomba aoneshe kingo huru. Hilo ni jambo ambalo Mzee Kibona alinifanya nilifanye kabla ya lingine lolote: unaiambia programu ikuwekee rangi kwenye kila ukingo wa kipande usio na jirani. Mahali bamba linapoishia, lazima uone mstari wa rangi. Usipouona, maana yake wavu wako unadhani chuma kinaendelea wakati hakiendelei.

Nyuma ya kikalio cha tatu, kwenye tangi lile, kuna boriti iliyokingama chini ya tumbo. Boriti hiyo ni ya fremu ya chini, inacheza na magurudumu, na tangi halitakiwi kuigusa. Mchoro unaacha upenyo kati ya viwili hivyo, mwembamba kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto. Sehemu ya juu ya boriti ingetakiwa iwe na mstari wa rangi kutoka upande huu hadi ule. Haukuwepo. Vipande vya boriti na vipande vya tumbo la tangi vilikuwa vinashirikiana vifundo.

Nilimuuliza Elia ilikuwaje, naye akanieleza bila kujua anachoeleza. Kwenye kompyuta bamba halina unene, linachorwa kama uso mmoja unaopita katikati ya unene wake. Kwa hiyo mabamba mawili yanayogusana karakanani, kwenye mchoro wa kompyuta yanaachana kidogo, na programu inalalamika kwa mistari myekundu. Dawa yake ni kuiambia programu iunganishe kingo zilizokaribiana, na unaipa namba: chochote kilicho karibu kuliko hapa, shona.

"Ilikuwa inaleta mistari mingi sana, Mama," alisema Elia. "Nikawa naiongeza namba kidogokidogo, hadi ikanyamaza."

Hadi ikanyamaza. Nimefanya kazi na watu wengi wasio makini, lakini sijawahi kusikia kosa likielezwa kwa usahihi namna hiyo. Aliongeza namba mpaka ikazidi ule upenyo, na programu, ambayo haijui tangi ni nini wala boriti ni nini, ikashona vyote. Kisha kitufe kikampa alama ya kijani. Kwenye picha ya meneja, tangi lilikuwa limelala kwenye vikalio vitatu na boriti moja, na boriti ilikuwa inabeba sehemu ya mzigo wa nyuma. Barabarani lilikuwa kwenye vikalio vitatu tu, na kile cha nyuma kilibeba mzigo wote wa nyuma peke yake. Kompyuta ilichomelea kiungo ambacho Simbeye hakukichomelea na wala hakuagizwa, halafu Simbeye akahukumiwa kwa kupasuka kwa kingine.

Sikuamini kompyuta, hata ya kwangu. Nilivaa ovaroli nikaingia chini ya tangi lililorudishwa, nikiwa na ubapa wa msumeno wa chuma, nikaupitisha juu ya boriti. Ulipita kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kugusa kitu. Elia alikuwa amechuchumaa pembeni akitazama. Akaniomba ule ubapa, akaupitisha mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikampenda kidogo.

Tulirudi tukaufungua ule mshono. Namba tuliirudisha ndogo, na mabamba yanayogusana kweli tukayaunganisha moja moja kwa mkono, kazi ya kuchosha ambayo kitufe kiliahidi kutuondolea. Kwenye kona za vikalio nilimfanya Elia asuke mwenyewe kwa pembe nne, kuanzia kwenye kona kutoka nje, na alipokosea nilifuta yote, pamoja na sehemu zilizokuwa nzuri. Tulipokokotoa upya, nyekundu ilikaa kwenye kona ya kikalio cha nyuma, palepale pa ule ufa.

Nilimpelekea meneja picha mbili, kwa kuwa ndiyo lugha yake. Alizitazama kwa zamu, akasema kwa hiyo programu imekosea. Nikamwambia programu ilitii ilichoambiwa. Akafikiri, na nawaomba msome taratibu kinachofuata, kwa sababu kuna watu wataona nimetunga. Akasema basi suluhisho ni jepesi: tuwaambie mafundi waujaze ule upenyo kwa weldi kwenye matangi yote, ili matangi yafanane na picha ya kwanza.

Nilimweleza kwamba fremu ingecheza na kulichana tumbo la tangi pale pale. Nilimweleza mara mbili. Mwishowe alikubali tubadilishe kikalio cha nyuma, kiwe kirefu zaidi na kiwe na bamba pana la kutawanya mzigo, na akanisukumia michoro mipya niisaini. Mafundi hawawezi kugusa chuma bila saini ya aliyepiga hesabu, na safari hii nilikuwa mimi, na matangi yalikuwa yamesimama uwanjani, wenye malori wakipiga simu tangu asubuhi. Nikafunga kalamu yangu. Nikamwambia nitasaini Simbeye akishasafishwa jina.

Akasema hilo halina shida, atamwita ofisini. Nikamwambia Simbeye hakusemwa ofisini. Akasema mambo ya uongozi yana utaratibu wake. Nikamwambia hata mimi nina utaratibu wangu, na nikaenda kunywa chai. Alinitumia Elia mara mbili kunibembeleza. Mara ya pili Elia alikuja, akavuta kiti, akamimina chai yake na hakusema alichotumwa kusema.

Kesho yake kwenye mkutano wa asubuhi meneja alisimama mbele ya mafundi akiwa na shati lake. Alizungumzia usalama, akazungumzia ushirikiano, akazungumzia muundo mpya ulioboreshwa. Mwishoni, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akasema uongozi umeamua kumsamehe ndugu Simbeye na anarudi kwenye matangi. Wachache walianza kupiga makofi. Nikafungua mdomo kwa hasira, lakini Simbeye alikuwa ameshanyoosha mkono. Alinyoosha kama anavyofanya kanisani, kiganja wazi, akasubiri aruhusiwe.

"Naomba kuuliza, Meneja," alisema. "Nimesamehewa kosa gani?"

Makofi yalikufa. Meneja akasema, lile la nyufa.

"Nyufa si zangu," alisema Simbeye. "Mama Namwinga amepima, na wewe ameshakuonesha. Siwezi kupokea msamaha wa kitu ambacho sikukifanya. Nikifika nyumbani nitawaambia nini?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Meneja alinitazama. Nilikuwa nimeshika michoro mkononi, na kalamu ilikuwa mfukoni, nikaiacha humohumo. Akawatazama mafundi, na safari hii hakuna aliyekuwa anatazama viatu vyake. Aliangalia chini yeye, akasema kwa sauti ya chini, haraka, kwamba Yohana Simbeye hakukosea, kosa lilikuwa la ofisi.

Simbeye alitikisa kichwa polepole, kwa heshima zote.

"Ahsante, Meneja," alisema. "Ila wa nyuma hawajasikia."

Meneja alivuta pumzi, akarudia, na safari hii alitumia sauti ileile aliyomshutumia nayo, mpaka mafundi wa rangi waliokuwa wamebaki bandani wakatoka kuja kuangalia kuna nini.